Jiwe la Kalisti

"Kalisti Kasogela wa Usevya!"

"Nimembeba," alijibu Hilaria.

"Nipo," ikajibu sauti nyingine.

Sauti hiyo ilitoka bondeni, ndani ya ukungu. Ilikuwa ya mwanaume, wala haikupazwa. Iliitika kawaida kabisa, kama mtu aliye uani anapoitwa na mama yake.

Mahujaji arobaini na watatu waliokizunguka kijumba cha matofali cha kituo cha saba walinyamaza. Mzee Lyamba, katekista aliyewaongoza, alibaki na daftari mkononi. Shangazi Generosa, ambaye tangu waanze kupanda kutoka Mwese hakuwa amefunga mdomo hata wakati wa kula, alipiga ishara ya msalaba mara tatu mfululizo.

"Nani ameitika?" aliuliza Lyamba.

Watu walitazamana.

"Nauliza, nani ameitika? Kama kuna kijana anafanya mchezo, ajue hapa si uwanja wa mpira."

"Kijana gani, mwalimu?" alisema Generosa. "Vijana wote hawa hapa, wanatetemeka kuliko mimi."

"Ni mwangwi," alisema Obadia, mrina asali, aliyekuwa amesimama nyuma ya wanawake. "Milima ya huku ina mwangwi. Tusonge, mwalimu, tutachelewa."

Mzee Lyamba alimtazama juu ya miwani.

"Obadia, mwangwi hurudisha kile ulichosema. Binti kasema 'nimembeba.' Bondeni kumejibiwa 'nipo.' Huo mwangwi umesoma shule gani?"

Siku nyingine wangecheka.

Hilaria alipeleka mkono nyuma, akaligusa jiwe alilolifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Lilikuwa baridi. Sauti ile aliijua. Angeijua hata katikati ya soko la Mpanda siku ya mnada.

Njia ile ilikuwa na desturi yake. Zamani, wapagazi waliopandisha mizigo ya wamisionari kwenda kujenga kanisa la kwanza mlimani walikufa njiani kwa ndui, wakaachwa bila kaburi. Ndugu zao walipokuja kuwatafuta hawakukuta hata mfupa. Basi kila mmoja alichukua jiwe nyumbani kwa marehemu wake, akalipandisha hadi kanisani, akalilaza huko badala ya mwili. Kanisa lenyewe leo ni kuta nne zisizo na paa, lakini desturi haikuanguka nalo. Kila mwezi wa sita, aliyefiwa na mtu ambaye maiti yake haikuonekana hubeba jiwe kupitia vituo kumi na viwili. Kila kituo majina husomwa, na aliyebeba hujibu, "Nimembeba." Mwaka wa kwanza anapanda na kushuka nalo. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Mwaka wa tatu analilaza juu, na jina halisomwi tena. Mjane anakuwa huru. Mchumba anakuwa huru.

Sharti ni moja tu: jina la aliye hai halibebwi. Mtu akilaziwa jiwe angali anapumua, siku atakayokufa kweli hatapata wa kumzika, kwa sababu ameshazikwa.

Huu ulikuwa mwaka wa tatu wa Hilaria.

Walipoanza kupanda kuelekea kituo cha nane, shangazi Generosa alimsogelea.

"Mwanangu, ile sauti..."

"Nimeisikia, shangazi."

"Ni yake?"

"Ni yake. Na jana niliisikia pia. Kituo cha nne. Nyie wote mlikuwa mnaimba."

"Yesu wangu! Na hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba nimeanza kuwa kichaa ikiwa imebaki siku moja nililaze jiwe?"

Generosa alishusha pumzi.

"Labda anakuaga. Marehemu wengine wana adabu, huaga."

"Mtu anayeaga hasemi 'nipo,' shangazi."

Miaka mitatu iliyopita, wiki mbili kabla ya harusi yao, Kalisti aliondoka Kawajense na bodaboda yake akipeleka mzigo Mwese. Ilikuwa masika. Jioni watu waliiona pikipiki imenasa kwenye mizizi ya miti kando ya mto uliofurika, magurudumu juu. Koti lake lilikutwa mbele kidogo, juu ya tawi. Wakazamia siku tano, wasione kitu. Hilaria alikwenda Usevya kwa mama yake Kalisti, wakalia pamoja, kisha yule mama akang'oa jiwe la kizingiti cha mlango wake na kumpa. "Hapa ndipo alipokanyaga akijifunza kutembea," alimwambia. "Mbebe hili."

Tangu siku ile hakuwahi kulala usiku mzima. Alikuwa akishona sare za shule kwenye baraza la duka kule Makanyagio, na mara nyingi aliacha sindano hewani, akiwaza samaki wa mto ule wamekula nini.

Obadia ndiye aliyemtoa polepole mahali pale. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na mizinga ya nyuki huko Mwese, asali yake zamani ikiteremshwa na bodaboda ya Kalisti, na kila alipoteremka alimletea chupa ya asali, akaketi kwenye benchi, akamshikia kitambaa akikata. Hakumwambia asahau. Hakumsema Kalisti vibaya. Wiki moja kabla ya hija alimtumia ujumbe, ambao Hilaria aliusoma mpaka simu ikaisha chaji:

"Hilaria, ukishalilaza jiwe nataka kuleta wazee wangu kwa baba yako. Jibu unipe kule juu. Hata ukikataa, begi lako la kushuka nitabeba mimi."

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa ndiyo. Alikuwa amepanda nalo tangu Makanyagio, jepesi, upande wa pili wa lile jiwe.

Sasa Obadia alikuwa anatembea mbele yake, kasi kuliko kawaida.

"Obadia, punguza mwendo. Unakimbizwa na nani?"

"Nataka tufike mapema."

"Kanisa limesimama miaka mia na zaidi, litatusubiri."

"Hilaria," alisema bila kugeuka, "tukifika, usikae sana. Lilaze tu. Maliza."

"Nimalize? Kama ninavyomaliza kukunja pindo la sare?"

"Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha vipi?"

Obadia aliinama akaondoa tawi njiani ambalo halikuwa linamzuia mtu.

Shangazi Generosa alijaribu kuyachangamsha mambo, maana kimya kilimtisha zaidi ya mizimu.

"Huyu Mmoraviani naye! Mwaka wa pili anahiji na Wakatoliki, rozari anaishika kama kamba ya mbuzi. Kijana, unatafuta Bikira Maria au unatafuta binti yetu?"

"Natafuta njia, shangazi," alijibu Obadia.

Watu wawili watatu walicheka. Hilaria aliona shingo ya Obadia imelowa jasho, na ilikuwa baridi ya kuvaa sweta.

Kituo cha nane majina yalisomwa. "Kalisti Kasogela wa Usevya!" Hilaria alijibu, na watu wote wakasikiliza bonde. Hakuna kilichoitika isipokuwa ndege mmoja. Lakini hata kutoitika huko kulitisha, kama nyumba unayojua ina mtu na hodi haijibiwi.

Kituo cha tisa kipo juu ya mwamba, na katika vituo vyote ni hapo tu simu hushika mtandao. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka. Watu walipanda mwambani na simu zao kama wanaoanika dagaa. Simu ya Hilaria ikatetemeka. Namba hakuijua. Ujumbe ulikuwa wa jana asubuhi:

"Dada usililaze hilo jiwe. Ukipata mtandao nipigie."

Alitoka pembeni, akapiga. Iliita mara moja tu.

"Dada Hilaria," ilisema sauti ya mwanamke.

"Nani mwenzangu?"

"Naitwa Evaline. Hunijui. Mimi nakujua. Namba yako imeandikwa kwa mkaa ukutani kwangu, nyuma ya mlango wa chumbani. Nimeipaka udongo mara mbili, na mara mbili anaiandika tena."

"Nani anaiandika?"

Nyuma ya ile sauti kuku walisikika, na mtoto akililia kitu.

"Si huyo uliyembeba mgongoni."

Hilaria alikaa chini. 

"Kalisti amekufa," alisema. "Maji yalimchukua."

"Maji yalichukua pikipiki, dada. Yeye alitoka kwa miguu yake, akaja kwangu amelowa. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Kama ana mchumba Mpanda, haki ya Mungu sikujua. Nilijua hija ya kwanza ilipopita nyuma ya nyumba, nikasikia jina la mume wangu linasomwa na marehemu. Nikaingia ndani kumuuliza. Nikamkuta amejifunika blanketi mpaka kichwani, saa sita mchana."

"Asubuhi kuna mtu ameitika..."

"Ni yeye. Nilimtuma aje akuzuie. Akaishia kuitika kwenye ukungu, akarudi mbio kama kuku aliyemwagiwa maji. Nimemfungia mlango. Nimemwambia asikanyage hapa kabla hujaiona sura yake. Dada, mimi nina mtoto naye. Akilaziwa jiwe, siku yake ikifika mwanangu atamzika nani?"

"Miaka mitatu, Evaline! Namba unayo. Kwa nini hukunipigia?"

"Mwanzoni niliogopa utakuja kumchukua. Hilo nalikiri, ni kosa langu. Lakini mwezi wa kumi nilishukuru Mungu, nikajua umeshaambiwa. Juzi kijijini, ambako hawamjui kwa jina hilo, nikasikia bado limo kwenye daftari, nikashangaa."

"Niambiwe na nani?"

"Si huyo kaka wa nyuki? Alikunywa uji hapa kwangu. Walikutana na Kalisti uso kwa uso mlangoni, wakalia wote wawili. Alituahidi kwamba atakwambia."

Hilaria aliishusha simu. Juu ya mwamba, shangazi Generosa alikuwa akimpigia kelele mpwa wake wa Sumbawanga. Obadia alikuwa amepiga goti, anamfungia bibi mmoja kamba za viatu.

"Obadia."

"Naam."

"Mwezi wa kumi ulikunywa uji wapi?"

Mikono yake ilisimama kwenye kamba. Alimaliza kufunga lile fundo, polepole, akamshika bibi kiwiko mpaka akasimama vizuri. Ndipo akainuka.

"Mizinga yangu miwili iko karibu na pale," alisema. "Niliomba maji. Akatoka yeye na kikombe."

"Ukateremka Mpanda."

"Nikateremka."

"Ukaja kwenye cherehani yangu, ukanikuta nashona gauni jeusi la mama yake Kalisti, la misa ya kumbukumbu. Ukanishikia kitambaa nikate."

"Nilikushikia."

"Na mkono haukutetemeka?"

"Ulitetemeka. Ulisema nina malaria. Ukanitafutia dawa."

Hilaria alikumbuka. Alikumbuka hata maji aliyompa ya kumezea.

"Kwa nini?"

"Yeye alinisihi nisi..." Obadia alijikatiza. "Hapana. Nisimsingizie. Alinisihi mara moja tu, na mimi nikakubali haraka mno. Niliogopa. Nilijua ukisikia yuko hai utapanda milima hii kumfuata. Nikasema, imebaki miezi minane, atalilaza jiwe, atakuwa huru. Nikawa naihesabu kama mfungwa."

"Ukaniacha nibebe jiwe la mtu anayekunywa uji."

"Ndiyo."

"Na jana kwenye ule mwinuko ukanipokea, ukasema nipumzike, ukalibeba wewe."

"Lilikuwa zito, Hilaria. Nimebeba mizinga, nimebeba magogo. Sijawahi kubeba kitu kizito vile."

Shangazi Generosa alikuwa amefika, simu bado sikioni. Alikuwa amesikia ya kutosha.

"Yaani nyie wanaume!" alipaza. "Mmoja anajifanya maiti, mwingine anamlindia kaburi! Mwalimu Lyamba! Njoo usikie! Tumembeba mtu mwenye afya yake toka mwaka juzi!"

Mzee Lyamba alisikiliza habari yote amesimama, kofia mkononi. Ilipokwisha alilifungua daftari, akaliangalia lile jina, akalifunga.

"Turudi?" aliuliza mtu.

"Mawe ya wengine yana kosa gani?" alijibu mzee. "Binti, wewe waweza kushuka."

"Napanda," alisema Hilaria.

"Na hilo jiwe?"

"Napanda nalo."

Vituo vitatu vya mwisho alitembea peke yake mbele ya watu wote. Lyamba aliporuka jina la Kalisti kwenye kituo cha kumi, Hilaria alimwambia, "Lisome, mwalimu." Likasomwa. Hilaria hakujibu. Jina lilibaki hewani, halina wa kulibeba. Watu walisema baadaye kwamba kimya kile kiliwatisha kuliko ile sauti ya asubuhi.

Kanisa la kale linasimama kwenye tambarare ndogo juu ya mlima. Ndani ya kuta zile hakuna viti wala altare. Kuna mawe tu, mamia, yamepangwa safu kwa safu na majina yaliyoandikwa kwa rangi, mengi yameshafutika. Upepo unaingia kwenye madirisha, unazunguka na kutoka. Anayeingia mara ya kwanza huona kama ameingia chumba kilichojaa watu walionyamaza ghafla.

Kwenye uwazi wa mlango alikuwa amesimama mwanaume mwenye shati la kijani.

Waliokuwa nyuma walirudi hatua mbili. Mama mmoja alipiga yowe. Hilaria aliendelea kutembea mpaka akawa mbele yake, mahali ambapo angeweza kumgusa.

Alikuwa amenenepa. Katika yote, hilo ndilo lililomchoma. Miaka mitatu yeye alikuwa anamuona kichwani mwake akiliwa na samaki, kumbe kitambi kilikuwa kinakua.

"Hilaria," alisema Kalisti.

"Umenenepa."

"Hilaria, nisikilize..."

"Nakusikiliza. Miaka mitatu sijafanya kingine."

Kalisti alitazama chini.

"Kaka zake Evaline walikuwa wananitafuta. Nilikuwa nakwenda kuwaomba wanivumilie harusi yetu ipite. Maji yakanichukua. Nikatoka ng'ambo, nimelowa, nikakaa. Nikawasikia ng'ambo ya pili wanapiga yowe, 'Kalisti amekufa! Kalisti amekufa!' Nikataka kuita. Nilifungua mdomo kabisa. Nikaona ni rahisi kufa kuliko kukwambia."

"Rahisi kwa nani?"

Kalisti alifungua kifungo cha shati, akakifunga tena.

"Unajua mama yako amevaa nyeusi?"

"Najua."

"Hujui. Mimi ndiye ninayemshonea. Kila nikimshonea mpya ananiambia nipunguze kiuno, amepungua tena."

Kalisti alianza kulia. Alilia vibaya, kwa pua, kama watu wasiozoea.

"Kila mwaka mnapita nyuma ya nyumba," alisema. "Nasikia jina langu, halafu nakusikia wewe, 'Nimembeba.' Nimekuwa kama mzimu ndani ya nyumba yangu, Hilaria. Nikilala nasikia. Nikilima nasikia. Nisamehe. Na kama huwezi kunisamehe, usililaze tu hilo jiwe. Nikifa kweli, nani atanizika?"

Hilaria alifungua fundo la kitenge kifuani. Jiwe likateleza, akalidaka kwa mikono miwili. Watu wote walisogea. Kalisti aliyafumba macho.

"Nyosha mikono," alisema.

"Nini?"

"Mikono. Nyosha."

Aliinyosha. Akamwekea jiwe viganjani. Lilikuwa na joto la mgongo wake.

"Hili ni la kizingiti cha mama yako. Nenda nalo Usevya. Umpe mkononi, umwambie mwenyewe lilikuwa la nani."

"Atanifukuza."

"Basi utakuwa umefukuzwa ukiwa hai. Wenzako humu ndani wangeshukuru."

Kalisti alilikumbatia lile jiwe tumboni. Mzee Lyamba alichomoa kalamu kwenye mfuko wa shati.

"Futa, mwalimu," alisema Hilaria.

"Miaka thelathini nasoma majina haya," mzee alisema, akipiga mstari polepole. "Nimeandika mengi. Kufuta ndiyo mara ya kwanza."

Hilaria alikuwa ameshageuka kuondoka alipokumbuka.

"Na jana kituo cha nne kwa nini ulinitisha vile? Hukuweza kusubiri leo?"

Kalisti aliinua uso.

"Jana? Jana mimi nilikuwa navuna maharage mpaka jua linazama. Muulize Evaline. Njiani nimekuja leo tu."

Hilaria aligeuka akamtazama Lyamba.

"Mimi sina kitabu cha mambo hayo, binti," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Ninachojua, kituo cha nne ndipo wapagazi wengi walipoachwa. Wale wanajuana. Ukiwaletea asiye wao, pengine wanamwitikia wao, kwa sauti yake."

Kushuka kulichukua siku nzima iliyofuata. Obadia alilibeba begi kama alivyoahidi, hatua ishirini nyuma, na hakuna aliyemtania. Walipita kituo cha nne, Hilaria akasimama kidogo. Ni nyasi tu, na upepo. Akaendelea.

Chini kabisa, lori la kurudi Mpanda likiwa limeshawasha injini, alimgeukia.

"Jibu langu lilikuwa ndiyo," alisema. "Nilipanda nalo tangu nyumbani. Nataka ulijue, likuume."

"Limeniuma."

"Yeye alinidanganya kwa sababu ananikimbia. Wewe ulinidanganya ukiwa umekaa kwenye benchi langu. Mwanaume wa aina gani anampenda mtu halafu anamuacha amlilie mtu hai?"

"Mwoga," alisema Obadia. "Sina neno lingine."

Shangazi Generosa, ambaye hakuitwa, alisema kutoka juu ya lori, "Angalau huyu anajijua!"

Hilaria alimtazama yule mwanaume, jasho limemkaukia shingoni, kamba ya begi imemchubua bega. Alitaka kumchukia na hakuweza, na hilo nalo likamkasirisha.

"Mwakani," alisema hatimaye, "njoo uchukue jiwe pale barazani kwangu, pale nilipokuwa nashona lile gauni. Ulibebe miaka mitatu kama mimi. Ndipo uniulize tena. Na nikikuta katikati umenificha hata bei ya vitunguu, usihangaike kuniuliza."

"Nitakuja."

"Sijasema nitakubali."

"Nimesikia. Nitakuja."

Habari za Usevya zilifika Makanyagio wiki ya tatu. Mama yake Kalisti alimpiga mwanawe kofi, akazimia, akaamka, akampikia ugali. Jiwe alilirudisha kizingitini mwenyewe. Gauni jeusi alilituma kwa Hilaria na ujumbe mfupi: "Nifumulie hili mwanangu, unishonee la rangi."

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, Obadia alikuwa wa kwanza kufika mahali pa kuanzia, jiwe begani ndani ya kiroba.

"Unambeba nani?" aliuliza Lyamba, kalamu tayari.

"Simbebi mtu, mwalimu. Nabeba kimya changu."

"Daftari hili ni la watu."

"Basi usiniandike. Nitatembea tu."

Mzee alifikiri, akaandika kitu. Kila kituo, baada ya majina yote, alisema, "Na kimya cha Obadia!" Obadia alijibu, "Nimekibeba." Mwaka wa kwanza watu walicheka. Shangazi Generosa alimwita Mmoraviani wa mawe. Mwaka wa pili hakuna aliyecheka. Hilaria alipanda miaka yote hiyo, mikono mitupu, akitembea mara mbele yake, mara nyuma, na mwaka wa pili alasiri moja, pembeni. Kwenye cherehani Obadia alimwambia kila kitu, hata asivyoulizwa: mzinga uliovamiwa na nyegere, mwanamke wa Kawajense aliyemchekea, siku aliyotaka kuacha.

Mwaka wa tatu walifika juu adhuhuri, ukungu haujaondoka. Obadia alipiga goti kwenye safu ya mwisho, akalilaza jiwe lake. Halikuwa na jina. Alikaa pale muda mrefu, halafu akainuka.

"Mwalimu, naomba nisome jina moja."

"La nani?"

"La mtu aliye hai."

"Humu ndani hayasomwi."

"Basi nitatoka nje."

Alitoka, akapita mawe ya watu, akapita mlango usio na mlango, akasimama kwenye nyasi. Mahujaji wote walimfuata. Hilaria alibaki kizingitini, nusu ndani, nusu nje. Obadia alikuwa amempa mgongo, ametazama bonde, na sauti yake ilitetemeka kama ule mkono ulioshika kitambaa.

"Hilaria wa Makanyagio!"

Ukungu ulikuwa umejaa bondeni mpaka ukingoni. Jina liliteremka ndani yake, likapotea. Hilaria hakujibu upesi. Alisikiliza kwanza. Alisikiliza upande wa kituo cha saba, kisha upande wa kituo cha nne, mpaka shangazi yake akamfinya mkono.

Hakuna mwingine aliyeitika.

"Nipo," alisema.